Usingizi wa muuguzi: Kwa nini uchovu wa zamu ya usiku hauishii wodini mjini Kampala

Saa mbili asubuhi, lango la Hospitali ya Taifa ya Mulago hupitisha watu wa namna mbili. Wapo wanaopanda kilima wakiwa na sare zilizopigwa pasi, na wapo wanaoteremka kuelekea Wandegeya na Kamwokya, sweta begani, macho mekundu. Hawa wa pili wamemaliza zamu ya saa 12. Kwa mujibu wa ratiba, sasa ni wakati wao wa kulala. Kwa mujibu wa mwili, siku ndiyo kwanza inaanza.

Tatizo la usingizi miongoni mwa wauguzi mara nyingi huzungumzwa kama udhaifu wa mtu binafsi, kana kwamba aliyechoka hajui kujipangia muda. Ukweli ni mpana zaidi. Unahusu namna ubongo unavyopokea mwanga, namna ratiba za wodi zinavyopangwa, umbali wa nyumbani, ukubwa wa mshahara na hata aina ya paa analolala chini yake mtu anayetafuta usingizi saa nne asubuhi.

Saa kumi na mbili za kwenye karatasi

Katika wodi nyingi za hospitali za umma jijini Kampala, siku hugawanywa mara tatu. Zamu ya asubuhi huanza saa mbili hadi saa nane mchana, ya jioni huanza saa nane hadi saa mbili usiku, na ya usiku, ambayo ni ndefu kuliko zote, huanza saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Baadhi ya hospitali binafsi na za mashirika ya dini zina zamu mbili tu, kila moja ya saa 12.

Zamu ya usiku ndiyo inayolaumiwa zaidi, lakini kuna mtego mwingine usioonekana upesi: muuguzi anayemaliza zamu ya jioni na kupangiwa zamu ya asubuhi siku inayofuata. Kwenye karatasi amepewa saa 12 za mapumziko. Tuzihesabu. Makabidhiano ya wagonjwa humweka wodini hadi karibu saa tatu usiku. Akiwa anaishi Nansana au upande wa Gayaza, teksi na msongamano wa barabara humfikisha nyumbani saa nne na nusu. Akioga, akila na kuangalia daftari la mtoto la shule, saa sita imefika. Ili asikwame tena barabarani asubuhi, huamka saa kumi na moja alfajiri. Zile saa 12 zimebaki tano.

Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani kuhusu wauguzi, lililopitishwa mwaka 1977, linataka muuguzi apate angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya zamu moja na nyingine. Walioliandika hawakuwa wakifikiria foleni ya Bwaise.

Mji wenye historia ndefu ya kukesha

Uuguzi wa hospitali Kampala una umri wa zaidi ya karne moja. Hospitali ya Mengo, iliyoko kwenye kilima cha Namirembe, ilianzishwa mwaka 1897 na daktari Albert Cook, na miongoni mwa waliofika katika msafara wake alikuwa muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye walioana. Ni yeye aliyesimamia kuanzishwa kwa shule ya wakunga mwaka 1921, wakati ambapo wasichana wa Uganda walianza kufunzwa kwa mpangilio kazi ya kukesha na wajawazito. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wameanzisha hospitali za Rubaga na Nsambya, Mulago ilianza mwaka 1913, na Waislamu nao wakawa na hospitali yao kwenye kilima cha Kibuli.

Historia hiyo ina kinaya chake. Ni huko Mengo, mwaka 1901, ndiko madaktari walikotambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o ambao katika miaka iliyofuata uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Vimelea vya malale vikifika kwenye ubongo huvuruga saa ya mwili, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku. Bila shaka muuguzi wa zamu ya usiku hana vimelea, lakini ratiba inamtaka afanye kwa hiari kile ambacho ugonjwa humlazimisha mgonjwa.

Mwili unavyohesabu saa

Usingizi huendeshwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni shinikizo linaloongezeka kadiri mtu anavyokaa macho, kwa sababu kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na huondolewa mtu anapolala. Ya pili ni saa ya ndani, kundi dogo la seli lililo chini ya ubongo katika sehemu inayoitwa haipothalamasi, ambalo huamua ni wakati gani mwili uwe macho na wakati gani utulie. Watafiti watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili.

Kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni mwanga, hasa wa asubuhi. Na hapa Kampala ina hali yake ya pekee. Jiji liko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kutua takriban muda uleule, na mchana huwa na karibu saa 12. Muuguzi wa London anayetoka zamu ya usiku mwezi Desemba anaweza kufika nyumbani kabla mwanga haujakolea. Wa Kampala hana mwezi wa namna hiyo. Kila anapotoka wodini, jua limeshapanda na linamwambia ubongo kwamba usiku umekwisha. Homoni ya melatonini, inayoandaa mwili kulala, hushuka wakati ambapo yeye anaihitaji.

Ndiyo maana usingizi wa mchana baada ya zamu ya usiku kwa kawaida huwa mfupi kwa saa moja hadi nne kuliko usingizi wa usiku, hata kama chumba ni kimya na mtu amechoka hadi mifupani. Huenda akalala mara tu anapogusa mto, kisha akazinduka saa saba mchana bila sababu, na kuanzia hapo akabaki katika mang'amung'amu hadi jioni. Shinikizo la adenosini limepungua kidogo, saa ya mwili inamwamsha, na deni linahamia siku inayofuata.

Wakati mgumu zaidi ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Joto la mwili hushuka hadi kiwango cha chini kabisa, na umakini hushuka nalo. Ni wakati huohuo ambapo katika wodi ya uzazi ya Kawempe, mojawapo ya hospitali zinazozalisha akina mama wengi zaidi nchini, mkunga anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na katika wodi ya majeraha ya moto ya Kiruddu muuguzi anapima kipimo cha dawa ya maumivu.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 za kuwa macho, uwezo wa mtu ulikuwa umeshuka kama wa mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Baada ya saa 24, kama wa mwenye asilimia 0.10. Kiwango hicho cha pili kinazidi kile ambacho sheria ya barabarani ya Uganda inamruhusu dereva. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ukiongozwa na Ann Rogers ulionyesha kuwa wauguzi waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kufanya kosa kazini. Yafaa kutambua kwamba zamu ya usiku ya saa 12, ikiongezwa makabidhiano, huvuka mpaka huo bila mtu yeyote kupangiwa muda wa ziada.

Nyumba ya mchana

Familia nyingi za wafanyakazi wa Kampala zinaishi katika vyumba vya kupanga vilivyounganishwa kwa mstari, ambavyo wenyeji huviita mizigo. Paa ni la bati, dari mara nyingi haipo, na ukuta mmoja hutumiwa na majirani wawili. Saa sita mchana bati hutoa joto chumba kizima, ilhali mwili unahitaji ubaridi ili uendelee kulala. Nje kuna redio, fundi wa kuchomelea vyuma, spika za wauza dawa za kienyeji na, katika siku fulani, mahubiri ya vipaza sauti.

Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, nazo huweka kiwango kikali zaidi kwa usiku kuliko mchana katika maeneo ya makazi. Ni busara kwa wengi. Lakini anayelala mchana hulala katika saa ambazo kanuni zenyewe zimezihesabu kuwa za kelele.

Wauguzi wengi ni wanawake, na jambo hili lina uzito wake. Mwanamume anayerejea kutoka zamu ya usiku mara nyingi huachwa alale. Mwanamke hukuta maji hayajachotwa, nguo zimelowekwa na mtoto ana homa. Jirani mwenye mgonjwa naye hugonga mlango, kwa kuwa Kampala mtu yeyote wa hospitali ni musawo, awe daktari, muuguzi au mkunga, na musawo hakataliwi kuamshwa. Katika mwezi wa Ramadhani, muuguzi Mwislamu huongeza hesabu nyingine: daku humkuta wodini, na futari humkuta akijiandaa kurudi kazini.

Kazi mbili, mwili mmoja

Kuna sababu moja ambayo ratiba za hospitali hazioni kabisa. Baadhi ya wauguzi wa serikali hutoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja kwenye kliniki binafsi kwa kibarua cha asubuhi. Hufanya hivyo kwa ajili ya ada za shule, kodi ya nyumba na wazazi walioko kijijini. Suala la mishahara ndilo lililowafanya wauguzi wa umma nchini humo kuingia katika mgomo mwezi Mei 2022, na ni vigumu kuzungumzia usingizi wao bila kulitaja. Ushauri wa kulala saa saba una maana ndogo kwa mtu aliyeziuza tatu kati ya hizo.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka ukomo wa saa 48 za kazi kwa wiki na kumtaka mwajiri atoe angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Kwa wanaofanya kazi kwa zamu, sheria hiyo inaruhusu kuvuka ukomo huo endapo wastani wa wiki tatu hauzidi saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Wastani huo unaweza kuficha mengi. Muuguzi aliyefanya zamu sita za usiku katika wiki ya kwanza amefikisha saa 72. Akipewa saa 36 wiki ya pili na 48 wiki ya tatu, wastani wake kwa wiki ni saa 52, na hakuna aliyevunja sheria. Mwili, hata hivyo, hauhesabu wastani. Tena kila mwajiri anahesabu saa zake mwenyewe. Hakuna anayejumlisha za hospitali na za kliniki.

Miaka ya magonjwa ya mlipuko ilizidisha hali. Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 tarehe 21 Machi 2020. Siku chache baadaye usafiri wa umma ulisimamishwa, na marufuku ya kutembea usiku ikawekwa kuanzia saa moja jioni. Wahudumu wa afya waliruhusiwa kwenda kazini, lakini ruhusa si gari. Wapo waliotembea kwa miguu kilomita nyingi kabla na baada ya zamu. Mwishoni mwa Januari 2025 Ebola ilipothibitishwa Kampala, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa Mulago, aliyefariki dunia. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 26 Aprili mwaka huo. Kwa wenzake waliobaki kazini, hofu ya kubeba virusi hadi nyumbani ni mwizi wa usingizi ambaye pazia zito halimzuii.

Kuchoka na kutopona

Watafiti wa uchovu wa kazi hutofautisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huitwa kwa jina moja. Mwaka 2005 Peter Winwood na wenzake nchini Australia walichapisha kipimo kinachotumiwa sana kwa wauguzi, ambacho huuliza kuhusu uchovu wa papo hapo baada ya zamu, uchovu wa kudumu unaomfanya mtu aichukie kazi aliyoipenda, na kiwango cha kupona kati ya zamu na zamu. Hili la tatu ndilo ufunguo. Uchovu wa baada ya zamu si ugonjwa. Ni alama kwamba mtu amefanya kazi. Hugeuka kuwa wa kudumu pale zamu inayofuata inapoanza kabla ya ule wa kwanza kuisha, tena na tena, kwa miezi.

Kupona hakuletwi na usingizi peke yake. Mwaka 2007 Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza kuwa mtu hurejewa na nguvu pia anapoitoa kazi akilini, anapotulia, anapojifunza au kufanya jambo jingine analoliweza, na anapokuwa na usemi juu ya muda wake. Kwa muuguzi wa leo, sharti la kwanza ndilo gumu. Kundi la WhatsApp la wodi halilali: nani atashika zamu ya fulani, dawa gani imekwisha, mgonjwa wa kitanda cha nne ameamkaje. Wodi inamfuata mtu kitandani ikiwa ndani ya simu.

Athari za muda mrefu zimechunguzwa zaidi nje ya Afrika. Utafiti mkubwa wa afya ya wauguzi ulioanza Marekani mwaka 1976 ulionyesha katika ripoti ya mwaka 2001 kwamba waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 30 au zaidi walikuwa na hatari ya saratani ya matiti iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 36. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na likarudia uamuzi huo mwaka 2019. Haimaanishi kwamba muuguzi wa usiku atapata saratani. Inamaanisha kwamba saa za usiku zina gharama ambayo posho, pale inapolipwa, haiigusi.

Yanayosaidia

Hatua zenye nguvu zaidi ziko mikononi mwa anayepanga ratiba. Zamu zinazosogea mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku, huuchosha mwili kidogo kuliko zinazorudi nyuma, kwa sababu saa ya ndani huona wepesi kuchelewa kuliko kuwahi. Kuepuka kumpangia mtu asubuhi baada ya jioni hakuhitaji bajeti. Kutoa ratiba mapema humwezesha muuguzi kupanga nani atamchukua mtoto shuleni.

Kulala kidogo wakati wa zamu bado kunahesabiwa utovu wa nidhamu katika wodi nyingi, na wauguzi hufanya hivyo kwa kujificha, kichwa juu ya meza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa madaktari na wauguzi wa dharura nafasi ya kulala dakika 40 saa tisa usiku, na waliolala walifanya vizuri zaidi mwishoni mwa zamu kuliko wasiolala. Kinachotakiwa ni mpango: mmoja alale huku mwenzake akishika wodi, na aliyeamka apewe robo saa au nusu saa ya kuchangamka kabla ya kushika sindano. Palipo na muuguzi mmoja kwa wodi nzima mpango huo hauwezekani, na hapo suala linarudi kwenye ajira.

Kwa upande wa muuguzi mwenyewe, kulala saa moja na nusu alasiri kabla ya usiku wa kwanza hupunguza deni. Chai au kahawa inywewe mwanzoni mwa zamu na iachwe saa sita hivi kabla ya muda wa kulala, kwa kuwa nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano au sita baadaye. Miwani ya jua wakati wa kurudi nyumbani, kitambaa cheusi dirishani na simu iliyozimwa ni vitu vidogo vyenye faida inayoeleweka kisayansi. Dereva wa bodaboda asihimizwe kukimbia, na muuguzi mwenye pikipiki au gari lake asiendeshe akiwa anasinzia.

Pombe humlaza mtu upesi lakini hukatakata usingizi wake. Vidonge vya usingizi ni hatari ya pekee katika taaluma hii, kwa sababu kabati la dawa liko karibu na muuguzi anajua kipimo. Vikitumiwa mfululizo bila daktari hujenga utegemezi. Tiba inayopendekezwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni ya mazungumzo na mabadiliko ya tabia, ambayo humfunza mtu upya namna ya kukihusisha kitanda na usingizi.

Kukosa usingizi huhesabiwa kuwa sugu pale kunapotokea angalau usiku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, ingawa mtu ana nafasi ya kulala. Dalili nyingine zinazohitaji daktari ni kukoroma kwa kukatika pumzi, kulia bila sababu, kusinzia ukiwa umesimama, na kufika nyumbani bila kukumbuka njia uliyopita. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 mashariki mwa jiji, hupokea pia wagonjwa wa nje wenye matatizo ya usingizi yanayoambatana na sonona au wasiwasi. Wauguzi wengi husita kwenda huko kwa kuogopa kukutana na wenzao waliosoma nao.